Namna ya Kulinganisha Programu za Hifadhidata kwa Ajili ya Biashara, Hatua kwa Hatua

Mfanyabiashara anapoanza kutafuta programu ya hifadhidata, kitu cha kwanza anachokutana nacho ni majina: Oracle, SQL Server, MySQL, MariaDB, PostgreSQL, SQLite. Kila jina lina watu wanaoliapia, na kila muuzaji ana jedwali lenye alama za vema linaloonyesha kwamba bidhaa yake ina kila kitu. Majedwali hayo hayasemi uongo, ila hayamsaidii mnunuzi, kwa sababu kazi za msingi, yaani kuhifadhi safumlalo katika majedwali, kuyaunganisha majedwali hayo kwa funguo na kuyauliza kwa lugha ya SQL, zinafanywa na programu zote sita. Tofauti hujitokeza pale umeme unapokatika katikati ya mauzo, pale makarani wawili wanapouza mfuko mmoja wa saruji kwa wakati mmoja, na pale diski inapokufa Jumamosi jioni wakati fundi aliyeweka mfumo hapatikani kwa simu. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuzilinganisha kwa kuzipa kazi yako mwenyewe na kutazama kinachotokea.

Mfano nitakaoutumia ni wa kubuni, lakini kila anayefanya kazi hii Afrika Mashariki ataitambua biashara ya aina hiyo. Ni duka la jumla la vifaa vya ujenzi lenye ghala kuu Dar es Salaam na matawi Morogoro na Mbeya. Linauza saruji, nondo, mabati na rangi. Watu kumi na wawili hugusa kompyuta. Risiti kama 400 hutolewa kwa siku. Na kumbukumbu zote ziko katika mafaili ya Excel ambayo kila tawi lina toleo lake.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya kutaja programu

Chukua karatasi moja na uandike, kwa maneno ya dukani, mambo ambayo mfumo utafanya kila siku. Kwa duka letu orodha inaweza kuwa hivi: kuuza na kupunguza idadi ya bidhaa ghalani, kupokea mzigo, kuhamisha mzigo kutoka ghala kuu kwenda tawini, kumkopesha mteja na kufuatilia deni lake, kumwonyesha mwenye mali mauzo ya jana ya matawi yote kabla ya saa tatu asubuhi. Kando ya kila kazi andika ni watu wangapi wataifanya kwa wakati mmoja, na ni muda gani biashara inaweza kuvumilia kazi hiyo ikisimama. Mauzo yakisimama kwa saa mbili duka linapoteza wateja, ilhali ripoti ya mwezi ikichelewa siku mbili hakuna anayeumia.

Hapo hapo andika pia mambo yasiyohusu programu kabisa: umeme hukatika mara ngapi, intaneti ya Mbeya ikoje nyakati za mvua, na ni nani ataiangalia seva. Nimeona biashara zikibishana wiki nzima kuhusu kasi ya programu mbili ambazo zote zina kasi kuliko wanayoihitaji, na swali la nani atakuwa na nywila ya msimamizi halikuulizwa hata mara moja.

Hatua ya pili: tazama kama uamuzi umeshafanywa na programu nyingine

Mara nyingi biashara hainunui hifadhidata peke yake. Inanunua mfumo wa mauzo au wa uhasibu, na mfumo huo huja na sharti la hifadhidata utakayotumia. Odoo hutumia PostgreSQL. ERPNext imejengwa juu ya MariaDB. Tovuti ya WordPress huhitaji MySQL au MariaDB. Mifumo mingi ya uhasibu ya Windows hutegemea SQL Server. Hata nje ya biashara hali ni hiyo hiyo: DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumiwa na wizara za afya katika nchi nyingi zikiwemo Tanzania na Kenya, huendeshwa juu ya PostgreSQL.

Kama umeshachagua mfumo wa namna hii, ulinganisho wako unapungua sana. Usilazimishe programu ifanye kazi na hifadhidata ambayo watengenezaji wake hawaitegemei kila siku, hata kama nyaraka zinasema inawezekana, kwa maana hitilafu zitakazotokea zitakuwa zako peke yako na hutapata mwenzako aliyezitatua kabla yako.

Hatua ya tatu: hesabu ukubwa wa data yako

Hesabu hii huchukua dakika tano na huondoa hofu nyingi. Risiti 400 kwa siku zenye bidhaa 6 kila moja ni safumlalo 2,400. Kwa siku 300 za kazi ni safumlalo 720,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni 3.6. Tukikadiria kwamba kila safumlalo pamoja na faharasa zake (orodha zinazoharakisha utafutaji) inachukua baiti 200, miaka mitano ya mauzo inakula takribani megabaiti 720. Hiyo haifikii gigabaiti moja. Excel, ambayo karatasi yake moja haizidi safumlalo 1,048,576, ingejaa katika mwaka wa pili, lakini hakuna hata moja kati ya programu zetu sita itakayohisi uzito wa duka hili.

Mambo hubadilika mtu anapoamua kuhifadhi picha ndani ya hifadhidata. Tuseme kila risiti inapigwa picha ya kilobaiti 200: ni megabaiti 80 kwa siku, gigabaiti 24 kwa mwaka. Toleo la bure la SQL Server, liitwalo Express, liliwekewa kikomo cha gigabaiti 10 kwa kila hifadhidata hadi toleo la 2022, kwa hiyo duka lingegonga ukuta baada ya siku 125 za kazi. Toleo la bure la Oracle lina kikomo cha gigabaiti 12 za data, gigabaiti 2 za kumbukumbu ya RAM na nyuzi 2 za prosesa. Microsoft Access, ambayo bado iko katika maduka mengi, haivuki gigabaiti 2. Weka picha kwenye folda ya kawaida na ndani ya jedwali uandike njia ya kuifikia tu.

Hatua ya nne: punguza orodha ibaki na majina mawili au matatu

SQLite, aliyoianzisha D. Richard Hipp mwaka 2000, si seva. Ni faili moja na maktaba ndogo ya msimbo, na imo ndani ya karibu kila simu janja unayoishika. Haina gharama wala leseni, kwa sababu msimbo wake ni mali ya umma. Inafaa kabisa kwa kompyuta moja ya kaunta. Inaruhusu mwandishi mmoja kwa wakati mmoja, na watengenezaji wake wenyewe wanaonya kwamba faili lake lisiwekwe kwenye folda ya mtandao ili kompyuta nyingi ziliandikie, kwa kuwa kufuli za mafaili za mtandaoni mara nyingi haziaminiki. Vilevile haina aina halisi ya namba za desimali: kiasi chenye sehemu, kama kodi ya asilimia 18 inavyoweza kuleta, huhifadhiwa kwa namba za makadirio, na senti hupotea polepole. Ukiitumia, hifadhi fedha kwa senti kama namba kamili.

MySQL ilitoka Sweden mwaka 1995 na ikawa hifadhidata ya tovuti. Kampuni yake ilinunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010. Michael Widenius, mmoja wa waasisi, alikuwa ameshaanzisha tawi la msimbo huo liitwalo MariaDB mwaka 2009 ili msimbo uendelee kuwa huria bila kutegemea mmiliki mmoja. Leo mbili hizi ni ndugu waliohama nyumba: zinafanana kwa mazoea ya kila siku, lakini usidhani kwamba nakala ya moja itaingia ndani ya nyingine bila marekebisho. Mafundi wa MySQL wanapatikana karibu kila mji wetu, na hilo lina uzito mkubwa.

PostgreSQL ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker, na imekuwa na jina hili tangu 1996. Haina mmiliki mmoja, na leseni yake inakuruhusu hata kuiuza ndani ya bidhaa yako bila kumlipa mtu. Ni kali kuhusu usahihi wa data: ukiiambia safuwima ni tarehe, haitapokea tarehe 30 Februari. Udhaifu wake kwa mgeni ni kwamba kila muunganisho ni mchakato kamili unaokula kumbukumbu, na mpangilio wa kawaida unaruhusu miunganisho 100 tu. Programu iliyoandikwa vibaya, inayofungua miunganisho na kuiacha wazi, huimaliza mapema.

SQL Server ya Microsoft ina vifaa vizuri vya usimamizi na inakaa vyema katika ofisi ambayo tayari inaishi ndani ya Windows, ingawa tangu 2017 inaendeshwa pia kwenye Linux. Oracle, iliyotoa bidhaa yake ya kwanza sokoni mwaka 1979, ni hifadhidata yenye uwezo mpana sana inayobeba mifumo ya benki na kampuni za simu. Kwa duka la vifaa vya ujenzi sioni sababu ya kuinunua, isipokuwa mfumo wa biashara uliochaguliwa unaitaka.

Kwa mfano wetu zinabaki tatu: PostgreSQL, MariaDB na SQL Server.

Hatua ya tano: hesabu gharama za miaka mitano

Usilinganishe bei za kununulia peke yake. Chora mistari mitano: leseni, msaada wa kila mwaka, seva na umeme, mshahara au ada ya fundi, na gharama ya kutoka.

Kwenye leseni, soma masharti kwa kalamu mkononi. Bei ya orodha ya SQL Server 2022 Standard, kwa dola za Marekani, imekuwa 3,945 kwa kila pakiti ya kore (viini vya prosesa) mbili, na kwa seva yako ndogo kabisa lazima ununue kore nne, yaani dola 7,890. Njia nyingine ni leseni ya seva kwa dola 989 pamoja na dola 230 kwa kila mtumiaji au kifaa. Kwa watu wetu kumi na wawili njia hii inafika dola 3,749. Wakifika 30 njia hizo mbili zinakaribia kulingana kabisa, na wakizidi hapo leseni ya kore inakuwa nafuu. Zingatia kwamba wanaohesabiwa ni watu wote wanaofikia data, hata wakipita kwenye programu ya mauzo inayotumia jina moja la kuingilia. Wafanyabiashara wengi hulijua jambo hili siku ya ukaguzi wa leseni.

Oracle Standard Edition 2 imekuwa na bei ya orodha ya dola 17,500 kwa kila soketi ya prosesa, na msaada wa mwaka ni asilimia 22 ya bei hiyo, yaani dola 3,850. Kwa miaka mitano jumla ni dola 36,750 kabla ya kumlipa fundi. Kwa PostgreSQL na MariaDB mstari wa leseni ni sifuri, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuandika sifuri kwenye mistari yote. Fedha uliyookoa kwenye leseni peleka sehemu yake kwa mtu atakayeitunza seva. Hifadhidata ya bure isiyo na mtunzaji huja kugharimu kuliko ya kulipia.

Gharama ya kutoka ndiyo isiyoandikwa kamwe. Programu zote hizi zina mzizi mmoja katika makala ya Edgar F. Codd, mtafiti wa IBM, ya mwaka 1970, na zote zinazungumza SQL, lakini kila moja ina lahaja yake. Kadiri unavyoandika mantiki ya biashara ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa T-SQL ya Microsoft au PL/SQL ya Oracle, ndivyo siku ya kuhama inavyokuwa ndefu. Muulize msanidi wako ni kiasi gani cha msimbo kitakaa humo, na umtake aandike jibu.

Hatua ya sita: jaribio la mfuko wa mwisho wa saruji

Hapa ndipo ulinganisho unapoanza kweli. Weka programu zote tatu kwenye kompyuta moja ya majaribio, tengeneza jedwali la bidhaa, na uweke saruji yenye idadi 1. Fungua madirisha mawili, kila moja likiwa karani mmoja, na anzisha muamala, yaani kundi la amri linalothibitishwa lote au kufutwa lote, katika yote mawili.

Kwanza jaribu njia mbaya, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayotumiwa na programu nyingi za dukani. Karani wa kwanza anasoma idadi na kuona 1. Wa pili anasoma na kuona 1. Wa kwanza anaandika 0 na kuthibitisha. Wa pili, akiwa bado anaamini ipo 1, anaandika 0 na kuthibitisha. Mifuko miwili imeuzwa, ghalani ulikuwepo mmoja, na hakuna onyo lililotokea. Kwa mipangilio ya kawaida utaona hali hii katika PostgreSQL, katika SQL Server na katika MariaDB ya kabla ya toleo la 11.6.2; kuanzia toleo hilo MariaDB humkataa karani wa pili kwa ujumbe wa kosa. Ukiipandisha PostgreSQL kwenye kiwango cha kutenganisha miamala kiitwacho REPEATABLE READ, karani wa pili anakataliwa kwa ujumbe wa kosa. MySQL iko kwenye kiwango chenye jina hilo hilo tangu ilipowekwa, lakini inamruhusu wa pili aandike juu ya wa kwanza. Jina moja, tabia mbili. Ndiyo maana nasisitiza kujaribu badala ya kusoma majedwali ya wauzaji.

Sasa jaribu njia nzuri, ambapo hifadhidata yenyewe inapunguza na kuhakiki kwa amri moja:

UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 1 WHERE namba = 7 AND idadi >= 1;

Karani wa pili atasubiri mpaka wa kwanza athibitishe, kisha ataambiwa kwamba hakuna safumlalo iliyobadilika, na programu itamwonyesha kuwa mzigo umekwisha. Ongeza kizuizi cha CHECK kinachosema idadi isishuke chini ya sifuri, kiwe ukuta wa mwisho. Hapa kuna jambo la kukagua: MySQL ilipokea vizuizi vya CHECK kwa miaka mingi bila kuvitekeleza, hadi toleo la 8.0.16 la mwaka 2019. Kama mtoa huduma wako bado anaendesha toleo la zamani, utaandika kizuizi, kitapokelewa kimya, na hakitazuia kitu. Jaribu kuingiza hasi moja uone kama inakataliwa.

Jaribio hili lina nyongeza moja kwa SQL Server. Acha karani mmoja abadilishe safumlalo bila kuthibitisha, kisha umwambie mwenye mali afungue ripoti ya mauzo. Kwa mpangilio wake wa kawaida ripoti itaganda, kwa sababu msomaji anamsubiri mwandishi. PostgreSQL na MariaDB humpa msomaji picha ya data kama ilivyokuwa kabla ya mabadiliko. SQL Server nayo huweza kufanya hivyo ukiwasha READ_COMMITTED_SNAPSHOT, na kwa duka ningeiwasha siku ya kwanza.

Hatua ya saba: chomoa waya wa umeme

Tafuta kompyuta ya mezani isiyo na betri wala UPS (kifaa cha umeme wa akiba). Andika programu fupi inayoingiza mauzo mfululizo, na kila muamala unapothibitishwa na hifadhidata, namba yake ionyeshwe kwenye kompyuta ya pili. Iache iende kwa dakika kadhaa, kisha chomoa waya ukutani. Usizime kwa utaratibu, chomoa.

Washa tena, hesabu. Kama kompyuta ya pili inaonyesha kwamba muamala wa 4,817 ulithibitishwa, jedwali lazima liwe na muamala wa 4,817. Likiwa na 4,818 si kosa. Muamala uliandikwa na uthibitisho haukuwahi kufika. Likiishia 4,790, risiti 27 ambazo wateja wameshaondoka nazo hazimo ndani ya vitabu vyako. Rudia mara tano kwa kila hifadhidata.

Kwa mipangilio yao ya kawaida zote tatu zinapaswa kufaulu. Zikishindwa, sababu huwa mbili. Ya kwanza ni mtu aliyebadilisha mpangilio ili kupata kasi: katika MariaDB na MySQL tazama innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 1, kwani ikiwa 2 unaweza kupoteza kama sekunde moja ya mauzo, na katika PostgreSQL hakikisha fsync, mpangilio unaolazimisha data iandikwe diskini, haijazimwa, maana hiyo haipotezi sekunde moja, inaweza kuharibu hifadhidata nzima. Ya pili ni diski za bei nafuu za SSD zinazojibu kwamba zimeandika ilhali data bado iko kwenye kumbukumbu yao ya muda. Hapo tatizo si programu, na dawa ni diski yenye kinga ya kukatika umeme, pamoja na UPS.

Kama unarithi mfumo wa zamani wa MySQL, kagua pia aina ya majedwali kwa amri ya SHOW TABLE STATUS. InnoDB imekuwa aina ya kawaida tangu toleo la 5.5, lakini mifumo iliyonakiliwa kutoka mwaka hadi mwaka bado ina majedwali ya MyISAM, ambayo hayajui muamala na huharibika kirahisi umeme unapokatika.

Hatua ya nane: rudisha nakala, usiishie kuihifadhi

Nakala rudufu, au bekapu kama tunavyoiita ofisini, haipo mpaka imerudishwa. Niliwahi kuitwa na biashara moja ambayo seva yake ilikuwa imeharibika diski. Walikuwa na nakala za kila usiku kwa miezi saba, zimepangwa vizuri kwa tarehe katika diski ya nje. Nilipozifungua, kila faili la tangu mwezi wa pili lilikuwa na ukubwa ule ule: baiti 20. Huo ndio ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani. Nywila ya hifadhidata ilibadilishwa, amri ya nakala ikawa inakataliwa kila usiku, na ile sehemu ya kubana faili iliendelea kufunga vifurushi vitupu bila kulalamika. Mhasibu alikaa wiki tatu akiingiza upya mauzo kutoka kwenye risiti za karatasi, na hakuzipata zote.

Yaliyoipata biashara hiyo yamewapata wakubwa pia. Mwishoni mwa Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu mtandaoni, alifuta folda ya data kwenye seva isiyo sahihi. Walipogeukia nakala zao walikuta pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kuchukua nakala, ilikuwa ikishindwa kwa sababu toleo lake halikulingana na la seva. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, na data ya saa hizo sita ikapotea. Waliyaeleza yote hadharani, na ninawashukuru kwa hilo.

Kwa kila hifadhidata kwenye orodha yako fanya hivi: chukua nakala, ipeleke kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuona mfumo wako, irudishe, na upime muda kwa saa kuanzia mwanzo hadi karani aweze kuuza. Mwache aliyezoea apumzike. Mpe kazi hiyo mtu mwingine mwenye maelekezo ya maandishi tu. Kisha linganisha muda huo na ule ulioandika katika hatua ya kwanza.

Halafu uliza swali la pili: kama seva inakufa saa kumi jioni, mauzo ya tangu usiku yako wapi? Kila moja ina jibu, kwa jina tofauti. PostgreSQL huhifadhi mafaili ya WAL, yanayoandika kila badiliko, MariaDB na MySQL zina kumbukumbu za binari, na SQL Server ina nakala za kumbukumbu ya miamala. Hii ya mwisho ina mtego: ukichagua hali ya urejeshaji kamili na usichukue nakala za kumbukumbu hiyo, faili lake hukua mpaka diski ijae na mauzo yasimame. Na toleo la Express halina kipanga ratiba cha ndani, kwa hiyo nakala za kila usiku lazima zipangwe kupitia Windows yenyewe. Kwa mysqldump, amri ya nakala ya MySQL na MariaDB, usisahau kiambatisho cha --single-transaction, ili nakala iwe picha ya wakati mmoja.

Hatua ya tisa: amua seva itakaa wapi

Huduma za wingu huondoa kazi ya nakala na masasisho, na kwa biashara isiyo na fundi hilo ni jambo kubwa. Vituo vya karibu vya kampuni kubwa viko Afrika Kusini: Microsoft Johannesburg tangu 2019, Amazon Cape Town tangu 2020. Pima safari ya data kutoka dukani kwako. Ikiwa kila swali linachukua milisekunde 60 kwenda na kurudi, na ukurasa wa mauzo umeandikwa kwa maswali madogo 200 yanayofuatana, karani anasubiri sekunde 12 kwa kila mteja. Programu ile ile kwenye seva ya ndani ingefunguka papo hapo.

Kwa tawi la Mbeya ningeweka SQLite kwenye kompyuta ya kaunta kama foleni: mauzo yanaandikwa pale pale, na intaneti ikirudi yanatumwa Dar es Salaam kwa namba za kipekee ili yasiingie mara mbili.

Madeni ya wateja yana majina na namba za simu, kwa hiyo soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ya Tanzania, au Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kama uko Kenya, hasa vifungu vya kusafirisha taarifa nje ya nchi.

Hatua ya kumi: andika uamuzi

Kwa duka letu ningechagua PostgreSQL Dar es Salaam, kwa sababu ya ukali wake kuhusu data na kwa kuwa hakuna leseni itakayopanda duka linapoongeza makarani. Kama mji wako una mafundi watatu wa MariaDB na hakuna hata mmoja wa PostgreSQL, chagua MariaDB bila wasiwasi. Kama mhasibu wako tayari anafanya kazi katika mfumo wa SQL Server, baki hapo na ulipe leseni halali.

Andika uamuzi huo ukurasa mmoja: toleo lililochaguliwa, matokeo ya majaribio matatu, gharama za miaka mitano, na tarehe ambayo toleo hilo litaacha kupata marekebisho ya usalama. Kila toleo kuu la PostgreSQL hutunzwa kwa miaka mitano. Msaada wa MySQL 8.0 ulipangwa kuishia Aprili 2026, na wa SQL Server 2016 Julai 2026. Chini ya ukurasa weka majina ya watu wawili, si mmoja, wanaojua nywila ilipo na walioshawahi kuirudisha nakala kwa mikono yao, na tarehe ambayo wataifanya tena kazi hiyo ndani ya miezi mitatu ijayo.